Nyota Zinavyokufa (3): Kiputo Kilichojificha Katika Dajaja

Katika sehemu ya pili tuliiacha nyota mfano wa Jua letu ikiwa imezeeka na kutupa tabaka zake za nje. Kiini kinachobaki huwa na joto kali mno, na mionzi yake ya urujuanimno huifanya gesi ile iliyotupwa ing'ae. Hiyo ndiyo nebula sayari. Hudumu makumi elfu ya miaka tu, kisha husambaa na kufifia.

Zilizo angavu zilijulikana zamani. Kazi ipo kwenye zile hafifu, mfano nebula ya Kiputo cha Sabuni katika kundinyota la Dajaja. Dave Jurasevich wa Mount Wilson, California, aliigundua tarehe 6 Julai 2008 akichunguza picha za eneo hilo. Siku chache baadaye Keith Quattrocchi na Mel Helm nao wakaipata, bila kutegemea kazi yake.

Ugumu wake unaeleweka. Dajaja imo katika Njia Nyeupe, na sehemu hiyo imetanda hidrojeni inayong'aa kwa wekundu. Tena, umbo la duara peke yake si ushahidi. Mlipuko wa nyota huacha duara. Upepo wa nyota kubwa nao hupuliza duara, kama ulivyofanya kwa jirani yake, nebula NGC 6888.

Ndiyo maana wanaastronomia huuhoji mwanga wenyewe. Mwaka 1864 William Huggins aliupitisha kwenye mche mwanga wa nebula sayari moja, akakuta mistari michache tu, mmoja wa kijani usiofahamika. Hapo akajua kwamba anatazama gesi, wala si kundi la nyota. Wengi walidhani mstari huo ni wa elementi mpya, hadi mwaka 1927 Ira Bowen alipoonyesha kuwa ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, ndani ya gesi nyepesi kupita kiasi. Leo chujio linalopitisha mwanga huo pekee hufifiza nyota na mng'ao wa anga, na nebula hujitokeza. Kwa machujio ya hidrojeni na oksijeni, darubini ya mita 4 ya Kitt Peak, Arizona, ilikipiga picha Kiputo kikiwa karibu duara kamili. Katika orodha kinaitwa PN G75.5+1.7.

Ajabu ni kwamba picha za kituo cha uchunguzi wa anga cha Palomar, za miaka 16 kabla ya ugunduzi huo, zilikuwa nacho tayari, kwa ukubwa na mng'ao uleule, na hakuna aliyekitambua. Picha hizo zipo wazi kwenye intaneti, bila malipo. Walimu wa sayansi, wafungulieni wanafunzi wenu wazitazame.