Mubirizi na homa ya mutoto

Mama, unaujua mubirizi. Unaota kando ya lupango, huku Panzi na Ndendere, na kwenye milima inayozunguka Bukavu. Ni muti mufupi wenye matawi mengi, na ukitoa maua yake madogo meupe, nyuki wanajaa pale. Lakini jani lake! Ukiuma kidogo tu, uso wote unakunjamana.

Wazee wetu walikunywa maji yake kwa homa na kwa minyoo. Hatusemi walikuwa wajinga. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, Tanzania, watu wa elimu walimwona sokwe jike mugonjwa akivunja tawi la muti huu huu. Alimenya ganda, akatupa majani, akafyonza maji ya ndani ya tawi tu. Kesho yake alipata nguvu tena. Uangalie vizuri: majani aliyatupa. Sumu ni nyingi katika majani na ganda.

Sasa mutoto wako anaamka usiku, mwili moto. Mama mukwe anasema: “Twanga mubirizi, mupe kijiko.” Kijiko hicho kina nguvu ngapi? Hakuna anayejua. Jani changa na jani lililokomaa si sawasawa, na tumbo la mutoto wa kilo 7 si tumbo la baba yake. Wengine wanamwingizia maji yake kwa nyuma. Hiyo ni mbaya kabisa: mutoto anaharisha, maji ya mwili yanakwisha. Na mutoto asiyefikisha miezi 6 ni ziwa la mama tu, pamoja na dawa aliyopewa na muganga.

Ubaya mukubwa ni saa zinazopotea. Malaria inaweza kumwua mutoto mudogo kwa siku moja au mbili. Mwambie mama mukwe kwa heshima: “Mama, twende kwanza wapime damu.” Tunachoma kidole, tone moja, na kisha dakika chache tunajua. Dawa ya malaria nayo inatoka katika jani, artemisia ya China, lakini imepimwa kwa uzito wa mutoto. Na kama si malaria, pengine ni mapafu. Mubirizi haufiki huko.

Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, au akilala bila kuamka vizuri, usingoje kuche. Umufunge mugongoni, uje. Na kama umekwisha kumupa mubirizi, utuambie, hatutakugombeza.