Jaribio, Nasibu na Athari: Maneno Matatu ya Utafiti wa Tiba

Katika kazi ya kuunda istilahi, majina ya vitu hayatupi taabu kubwa. Chombo kigeni kikiingia nchini huja na jina lake, nasi hulipokea, hulirekebisha kidogo, au hulitafutia jina la kwetu. Taabu iko katika maneno ambayo tayari tunayo, yenye maana zake za siku zote, ambayo wataalamu huyachukua na kuyapa maana mpya. Neno la namna hii huingia hospitalini likiwa bado limebeba mzigo wake wa zamani. Mtaalamu husema hili, msikilizaji husikia lile, na kila mmoja hudhani kwamba wameelewana.

Katika makala haya tungependa kuyachunguza maneno matatu yatumiwayo katika utafiti wa tiba: jaribio, nasibu na athari. Ili tusiyajadili pasipo mfano, tutafuata maisha ya kazi ya mtafiti mmoja, Daktari Wallace Fox wa Uingereza (1920–2010), ambaye alitumia sehemu kubwa ya umri wake kutafuta tiba bora ya kifua kikuu, na ambaye baadhi ya matokeo yake makubwa yalipatikana kwa msaada wa wagonjwa wa Afrika Mashariki.

Jaribio

Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha ripoti kuhusu dawa mpya ya wakati ule, streptomisini. Mtakwimu Austin Bradford Hill ndiye aliyeupanga utaratibu wa utafiti huo. Wagonjwa 107 wa kifua kikuu cha mapafu waligawanywa katika makundi mawili. Wagonjwa 55 walipewa streptomisini pamoja na mapumziko ya kitandani. Wagonjwa 52 walipewa mapumziko peke yake, ambayo ndiyo yaliyokuwa matibabu ya kawaida ya siku zile. Dawa yenyewe ilikuwa haba, wala haikutosha kupewa kila aliyeihitaji. Baada ya miezi 6 walikuwa wamefariki wagonjwa 4 wa kundi la kwanza na 14 wa kundi la pili.

Kitendo hiki tumezoea kukiita jaribio. Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Kujaribu ni kutenda jambo bila hakika ya kufaulu. Magazeti hutuambia habari za jaribio la wizi na jaribio la kupindua serikali. Viongozi wa dini nao hutuonya juu ya majaribu, yaani masaibu yanayoipima imani ya mtu. Basi mgonjwa anapoambiwa kwamba ataingizwa katika majaribio, si ajabu akajiona kuwa yeye ndiye atakayejaribiwa.

Hatudhani kwamba dawa ya tatizo hili ni kulitupa neno. Jaribio ni neno fupi, limekwisha kuenea, na lina ukweli ambao haufai kufichwa: matokeo hayajulikani bado. Kuliita jambo hilo “huduma mpya” ni kumdanganya mgonjwa. Linalotakiwa ni kumweka mtendwa mahali pake. Kinachojaribiwa ni tiba, si mtu. Kwa hiyo twapendekeza isemwe daima jaribio la tiba, na muuguzi amwambie mgonjwa, “Tunaijaribu dawa hii,” wala asimwambie, “Tunakujaribu kwa dawa hii.” Tofauti ni ya kiambishi kimoja tu, lakini kiambishi hicho ndicho kinachobeba heshima ya mtu.

Nasibu

Katika utafiti wa 1948 daktari hakuruhusiwa kuchagua nani apewe dawa. Kila mgonjwa aliwekwa katika kundi lake kwa kufuata orodha ya tarakimu iliyotayarishwa mapema bila mpango wowote wa kumpendelea mtu, na jibu lilifungwa ndani ya bahasha. Sababu yake ni nyepesi kueleza. Daktari akiachiwa achague, huenda akawapa dawa wale walio na nguvu zaidi, kisha dawa ikasifiwa kwa kazi ambayo haikuifanya. Au akawapa walio taabani, ikalaumiwa bure.

Wataalamu wengi huuita utaratibu huu ugawaji kwa bahati nasibu. Tunaona kwamba hapa pana hatari. Kwa mwananchi wa kawaida bahati nasibu ni mchezo wa tikiti na zawadi, ambao mmoja hushinda na maelfu wakapoteza. Mgonjwa akisikia neno hilo atadhani kwamba dawa mpya ni zawadi, na kwamba asiyeipata ameshindwa. Kumbe hakuna ajuaye kama dawa mpya ni bora. Ndiyo maana inajaribiwa.

Kwa vitabu na ripoti twapendekeza ugawaji nasibu, tukiliacha neno bahati. Kwa mazungumzo na mgonjwa lugha yetu ina neno la zamani lililo bora zaidi, nalo ni kura. Watu wanaogawana viwanja hupiga kura ili asitokee wa kumlaumu mwenziwe. Maana hiyo ya haki ndiyo hasa anayoitaka mtafiti. Ni kweli kwamba siku hizi kura humfanya mtu afikirie uchaguzi, lakini akiambiwa kwamba makundi yatagawanywa kwa kura, bila ya daktari kuchagua, ataelewa.

Hapa hatuna budi kuligusa neno la nne, ridhaa. Katika utafiti ule wa 1948 wagonjwa wa kundi lisilopewa dawa hawakujulishwa kwamba wamo katika utafiti. Jambo hilo leo lisingekubalika. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 liliwataka watafiti wamweleze mtu habari za utafiti, na wapate kibali chake akiwa huru. Baadhi ya fomu husema “mgonjwa amekubali”. Lakini mtu huweza kukubali kwa hofu, kwa haya, au kwa kumstahi daktari. Ridhaa hutoka moyoni baada ya kuelewa. Ndiyo sababu mjadala huu wa maneno si wa wanalugha peke yao: mgonjwa aliyetia dole gumba chini ya neno asilolielewa hakuridhia chochote.

Athari

Sasa turudi kwa Daktari Fox. Mwaka 1954 yeye na wenzake walichapisha habari za wagonjwa walewale wa streptomisini baada ya miaka 5. Habari hazikuwa njema. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa makundi yote mawili walikuwa wamefariki. Streptomisini ikitumiwa peke yake, vimelea huizoea na kuwa sugu. Funzo likawa kwamba dawa za kifua kikuu lazima zitolewe kwa pamoja.

Mwaka 1956 Fox alikwenda Madras, Uhindi, kuongoza kituo kipya cha utafiti wa tiba ya kifua kikuu. Swali lilikuwa hili: je, maskini anayeishi katika nyumba iliyosongamana aweza kutibiwa kwake, au lazima alazwe? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1959 yalionyesha kwamba waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa, wala jamaa zao hawakuambukizwa zaidi. Kwa nchi zisizo na vitanda vya kutosha, jibu hilo lilikuwa ukombozi.

Baadaye, akiwa mkurugenzi wa kitengo cha kifua kikuu cha Baraza lile la Uingereza, Fox alishirikiana na watafiti wa Afrika Mashariki. Siku hizo tiba ilichukua mwaka mmoja na nusu, na wagonjwa wengi waliiacha njiani mara walipopata nafuu. Mwaka 1972 ilichapishwa ripoti ya jaribio lililofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ambalo lilipima tiba za miezi 6. Miongoni mwa wagonjwa waliopewa streptomisini, isoniazidi na rifampisini, ugonjwa uliwarudia kiasi cha 3 katika kila 100. Kwa wale waliopewa streptomisini na isoniazidi tu kwa muda uo huo, uliwarudia zaidi ya 20 katika kila 100. Ilidhihirika kwamba muda wa tiba waweza kufupishwa, mradi mchanganyiko wa dawa uwe wa kufaa.

Je, kazi hiyo ilikuwa na athari gani? Hapa ndipo neno letu la tatu linapotutatiza. Athari lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni alama iliyobaki baada ya kitu kupita. Katika matumizi yetu, hata hivyo, limeelemea upande wa madhara. Husemwa athari za ukame, athari za pombe. Na aliyepatwa na msiba huitwa mwathirika. Mtu akisoma kwamba makala fulani “yana athari kubwa kwa wagonjwa”, aweza kushtuka.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Siku hizi vyuo vikuu vingi huwapandisha wahadhiri vyeo kwa kutazama kipimo kinachotafsiriwa kuwa “kigezo cha athari” cha jarida. Fikra yake ilitolewa na Eugene Garfield wa Marekani mwaka 1955, na hesabu zake zilianza kutolewa kwa utaratibu mwaka 1975. Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme jarida limechapisha makala 200 katika miaka miwili iliyopita, na mwaka huu makala hayo yametajwa na waandishi wengine mara 600. Gawanya 600 kwa 200. Kipimo ni 3. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Hesabu hii haisemi kama kuna mgonjwa aliyepona, wala haisemi lolote juu ya makala moja moja, kwa kuwa ni wastani wa jarida zima.

Tuitazame kazi ya 1972 kwa kipimo hicho cha miaka miwili. Ilikuwa katika miaka ya 1980 ndipo tiba ya muda mfupi ilipoanza kutumiwa katika mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma wa Tanzania, chini ya ushauri wa Daktari Karel Styblo. Na ilikuwa katika miaka ya 1990 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoieneza ulimwenguni kwa mbinu ya kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa. Hayo yote yalitukia baada ya dirisha la miaka miwili kufungwa zamani. Hatua iliyowaondolea wagonjwa mwaka mzima wa vidonge na sindano haiingii katika hesabu hiyo.

Wanasayansi wenyewe wameliona kosa hilo. Tamko lililoandaliwa San Francisco mwaka 2012 liliwataka wakuu wa vyuo na wafadhili wasimpime mtafiti kwa kipimo cha jarida alimochapisha. Sisi twaongeza kwamba jina nalo limechangia kosa. Kipimo kilichopewa jina la athari huahidi zaidi ya kile kinachopimwa. Kwa bahati Kiswahili hakilazimiki kurithi kosa hilo. Twaweza kukiita kwa kazi yake: wastani wa marejeo.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twaweka mbele ya wasomaji istilahi zifuatazo:

1. Jaribio la tiba: utafiti unaolinganisha matibabu kwa kuwafuatilia wagonjwa walioridhia.

2. Ugawaji nasibu: kuwaweka wagonjwa katika makundi bila ya mtu yeyote kuchagua. Kwa mgonjwa iteuliwe kauli ya kugawa kwa kura.

3. Ridhaa: kibali kinachotolewa kwa hiari na mtu aliyeelewa.

4. Wastani wa marejeo: idadi ya mara ambazo makala ya jarida yametajwa, ikigawanywa kwa idadi ya makala hayo.

5. Manufaa ya utafiti: badiliko jema ambalo utafiti umeleta katika tiba au maisha ya watu. Athari libaki kwa matokeo kwa jumla, na madhara kwa yale mabaya.

Huenda wengine wakaona kwamba tumechelewa, maana baadhi ya maneno haya yamekwisha kuota mizizi. Hatupingi. Lakini fomu za ridhaa huandikwa upya kila utafiti mpya unapoanza, na kanuni za kupandisha vyeo nazo hurekebishwa mara kwa mara. Nafasi ya kusahihisha ipo. Tunawaomba madaktari, wauguzi, wakalimani wa hospitali na walimu wa vyuo watuletee maoni yao, na hasa watuambie ni maneno gani ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia. Wao ndio watakaotuonyesha kama tumelenga au tumekosea.