Kufuli Ndani ya Chipu: Jinsi Mafungu ya Kumbukumbu ya Mikrokontrola Yanavyolindwa

Umeme unapokatika usiku katika nyumba yenye mita ya malipo ya kabla, taa huzimika, lakini mita haisahau. Umeme ukirudi, uniti zilizokuwa zimebaki bado zimo, na hesabu huendelea pale ilipoishia. Ndani ya mita hiyo imo mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo kamili iliyojengwa juu ya kipande kimoja cha silikoni, pamoja na programu yake na kumbukumbu yake. Chipu za namna hiyo zimo pia katika mashine za kufulia, magari, pampu za maji na vifaa vya hospitali.

Hapo hapo huzuka swali. Chipu hizi zimetengenezwa makusudi ili ziweze kufutwa na kuandikwa upya. Basi ni kitu gani kinachozuia programu isifutwe kwa bahati mbaya, au isisomwe na mtu asiyehusika? Jibu ni kwamba mtengenezaji ameweka makufuli ndani ya chipu yenyewe, na mengine kati ya hayo hufunga fungu moja tu la kumbukumbu na kuacha mengine wazi. Makala haya yanaeleza makufuli hayo yafanyavyo kazi, na kwa nini anayeyafunga hana budi kujua kwanza anamfungia nani mlango.

Kumbukumbu na mafungu yake

Tuchukue mfano wa chipu ambayo walimu wengi wa fizikia na kompyuta wameishika mkononi, yaani ATmega328P iliyomo katika ubao wa Arduino Uno R3. Chipu hii ina kumbukumbu za aina tatu. Ya kwanza ni flashi yenye baiti 32,768, ambamo programu hukaa. Ya pili ni kumbukumbu ya muda yenye baiti 2,048, ambayo husahau kila kitu mara umeme unapokatika. Ya tatu huitwa EEPROM, nayo ina baiti 1,024 za kuhifadhi takwimu ambazo hazipaswi kupotea.

Chembe ya flashi ni transista yenye lango la ziada lililozungukwa pande zote na kihami. Elektroni zikisukumwa kwa nguvu hadi katika lango hilo, hunaswa humo na kukaa kwa miaka mingi bila umeme wowote. Chembe isiyo na elektroni zilizonaswa husomeka kama 1, na yenye elektroni husomeka kama 0. Sasa msomaji na aangalie jambo moja ambalo ndilo msingi wa yote yatakayofuata: kugeuza 1 kuwa 0 ni kuandika, lakini kugeuza 0 kurudi kuwa 1 ni kufuta, na flashi haifutwi chembe moja moja. Hufutwa fungu zima kwa pamoja. Katika ATmega328P fungu dogo kabisa la kufutwa ni ukurasa wa baiti 128, na kurasa zote ni 256.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1971 Dov Frohman wa kampuni ya Intel alitoa kumbukumbu ya kwanza ya kufutika iliyokuwa na kidirisha cha kioo juu yake. Ili kuifuta ilibidi kuiweka chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno kwa dakika kadhaa, na mionzi hiyo haikuchagua. Ilifuta kila kilichokuwamo. Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba alieleza mbele ya wanasayansi kumbukumbu mpya iliyofutwa kwa umeme, fungu zima kwa mara moja. Mwenzake mmoja aliona kuwa ufutaji huo unafanana na mmweko wa taa ya kamera, na ndipo kumbukumbu hiyo ilipopata jina la flashi. Tangu ilipowezekana kufuta fungu moja bila kugusa jingine, imewezekana pia kulinda fungu moja bila kulinda jingine.

Kwa nini fungu moja lilindwe

Katika ubao wa Arduino, programu ya mwanafunzi huingia kwa waya kutoka kwenye kompyuta. Lakini nani huipokea ndani ya chipu? Huipokea programu nyingine ndogo iliyotangulia kuwekwa humo, ambayo tutaiita kipakizi. Kipakizi hukaa mwishoni mwa flashi, katika fungu ambalo ukubwa wake huchaguliwa, kuanzia baiti 512 hadi baiti 4,096. Kazi yake ni kupokea programu mpya, kufuta kurasa za zamani, na kuandika mpya mahali pake.

Tuseme umeme unakatika katikati ya kazi hiyo. Programu ya mwanafunzi itakuwa nusu mpya na nusu imefutika, wala haitafanya kazi. Hata hivyo hakuna hasara kubwa, kwa kuwa kipakizi bado kizima. Umeme ukirudi kitapokea programu upya. Lakini tuseme kipakizi chenyewe kimepewa programu ndefu kupita kiasi, nacho kwa kosa la aliyekitunga kikaendelea kuandika hadi kikafika kwenye kurasa zake. Hapo kitakuwa kama mtu akataye tawi alilokalia. Ubao utanyamaza, na hautapokea tena chochote kwa waya wake wa kawaida mpaka apatikane mtu mwenye kifaa maalumu cha kuandikia chipu. Kwa ubao ulio juu ya meza ya maabara huo ni usumbufu wa saa moja. Kwa pampu iliyofungwa kijijini, mbali na fundi, ni watu kukosa maji.

Ndiyo maana fungu la kipakizi hufungwa. ATmega328P ina biti sita za kufuli, na zote zinapokuwa wazi husomeka 111111. Biti huwa wazi ikiwa 1, na hufungwa ikiwa 0. Mbili za kwanza, kutoka kushoto, hulinda fungu la kipakizi; mbili za kati hulinda fungu la programu ya kawaida; na mbili za mwisho huilinda chipu yote dhidi ya kifaa cha nje. Kipakizi cha Arduino kikisha kuwekwa, biti hizo huandikwa 001111. Maana yake ni kwamba amri ya kuandika flashi haina tena nguvu juu ya fungu la kipakizi, na programu ya kawaida haiwezi kulisoma fungu hilo. Sehemu nyingine hubaki wazi kwa kazi ya kila siku.

Ufunguo ambao ni moto

Mwanafunzi mwerevu atauliza: biti iliyogeuzwa kuwa 0 hurudishwaje kuwa 1? Jibu linatokana na kanuni tuliyoiona hapo juu. Kurudi kuwa 1 ni kufuta, na biti za kufuli hazifutwi peke yake. Hufutwa kwa amri moja tu, ambayo hufuta chipu nzima. Isitoshe, utaratibu wake umepangwa kwa makini: flashi hufutwa kwanza mpaka mwisho, na baada ya hapo ndipo biti za kufuli hufunguka. Kama zingefunguka kwanza, mtu angeweza kukata umeme katikati na kukuta mlango wazi na mali bado imo ndani. Kwa hiyo kufuli hili lina ufunguo, lakini ufunguo wenyewe ni moto: hufungua nyumba kwa kuiteketeza.

Amri hiyo hufuta pia EEPROM, na hapa ndipo wengi hupotelewa na takwimu zao. Ipo biti nyingine, iitwayo EESAVE, ambayo ikiandikwa 0 huiokoa EEPROM wakati chipu inapofutwa. Anayehifadhi humo vipimo vya miezi mingi hana budi kuiweka mapema. Akiikumbuka baada ya kufuta, amechelewa.

Kufuli lililofungwa na mlango uliobaki wazi

Chipu nyingine hugawanya flashi katika mafungu mengi zaidi. PIC18F452 ya kampuni ya Microchip ina baiti 32,768 katika mafungu matano: fungu la kuanzia lenye baiti 512, linalofuata lenye baiti 7,680, na matatu ya mwisho yenye baiti 8,192 kila moja. Kila fungu lina makufuli matatu. La kwanza huzuia kifaa cha nje kulisoma. La pili huzuia programu iliyomo ndani ya chipu kuliandika. La tatu huzuia programu iliyomo katika fungu jingine kulisoma. Aidha, kila fungu laweza kufutwa peke yake, na linapofutwa, kufuli lake la kwanza hufunguka.

Mpango huo waonekana kuwa salama. Lakini ulikuja kupimwa. Desemba 2010, katika mkutano uliofanyika Berlin, Ujerumani, watafiti Milosch Meriac na Henryk Plötz walieleza jinsi walivyousoma ufunguo wa siri uliofichwa katika visomakadi vya milango vya aina ya iCLASS, ambavyo vilitumia chipu hiyo. Mafungu yote yalikuwa yamefungwa yasisomwe kutoka nje, nao hawakuvunja kufuli hata moja. Walifuta fungu dogo la kuanzia peke yake, wakaandika humo programu yao fupi, na programu hiyo, ikiwa sasa ni mwenyeji wa ndani, ikayasoma mafungu mengine na kuyatoa nje baiti baada ya baiti. Kisha wakachukua kisomakadi cha pili cha aina ile ile, wakafanya kinyume chake: wakafuta mafungu mengine na kulisoma fungu la kuanzia. Nusu mbili zikaunganishwa, ikawa programu nzima. Na kwa kuwa visomakadi vyote vya daraja la kawaida vilitumia ufunguo mmoja, siri ya kimoja ilikuwa siri ya vyote.

Kosa lilikuwa wapi? Kufuli la kwanza lilifanya kazi yake barabara. Lilimzuia mtu wa nje. Hila ile isingefaulu kama fungu moja lisingeruhusiwa kulisoma jingine, na hiyo ndiyo kazi ya kufuli la tatu. Kulinda fungu moja moja ni manufaa kwa fundi, ila mgawanyo huo huo huzaa majirani, na jirani naye yapasa afikiriwe.

Mambo ya kuzingatia darasani

Kabla ya kufunga chochote, mwalimu na wanafunzi wake wajiulize maswali mawili: tunalinda nini, na dhidi ya nani? Kulinda kipakizi kisijifute ni jambo moja. Kulinda siri isisomwe ni jambo jingine, na biti zake ni nyingine. Kisha wafuate utaratibu: waandike programu, waisome tena na kuilinganisha na asili, na kufuli liwe hatua ya mwisho. Katika ATmega328P, biti mbili za mwisho zikiandikwa 00, kifaa cha nje hakiwezi tena kuandika wala kuhakiki. Nakala ya asili ya programu ihifadhiwe mahali pengine, maana siku ya kufungua kufuli, kilichomo ndani ya chipu hakitakuwapo tena.

Zoezi: Biti za kufuli za ATmega328P zimesomwa, nazo ni 001100. Eleza nani anaweza kuandika nini katika chipu hiyo, na gharama ya kuirudisha kuwa 111111.