Kuendesha Gari Katika Nchi Ishikayo Mkono wa Kulia

Dereva atokaye Mombasa kwenda Kigali hupita Nairobi, Malaba na Kampala akishika mkono wa kushoto wa barabara, kama alivyofundishwa. Afikapo Katuna, mpakani mwa Uganda na Rwanda, hana budi kuhamia mkono wa kulia, kwa kuwa Rwanda hufuata desturi iliyoachwa na Wabelgiji. Ndivyo ilivyo pia kwa avukaye Moyale kuingia Ethiopia, nchi ambayo nayo ilishika kushoto hata mwaka 1964 ilipobadili.

Wengi hudhani kwamba hatari ipo pale mpakani. Sivyo. Mpakani dereva yu macho: vibao vipo, askari wapo, na gari lililo mbele humwonyesha njia. Hatari huja baadaye, akili ikiisha kutulia. Dereva amesimama kunywa chai au kutia petroli. Aondokapo, barabara ni tupu, haina gari hata moja la kumkumbusha, na mikono yake yenyewe yampeleka kushoto. Alfajiri ndiyo saa mbaya kupita zote. Na pengine atakayeumia si yeye, bali mwenye baiskeli anayepanda kilima, asiyetazamia gari mbele ya uso wake. Yafaa kufunga kitambaa chekundu kwenye usukani, mahali pasipozuia mkono, kiwe ukumbusho kila gari liwashwapo. Si jambo la kitoto.

Kukata kona kuelekea kushoto, ambako kwetu ni kazi nyepesi, huko kuna hatari: sharti uyangoje magari yanayokuja, uvuke njia yao, kisha ushike upande wa mbali. Katika mizunguko ya Kigali magari huzunguka kinyume cha yetu, na gari la kukugonga hutokea kushoto kwako. Wengi, hasa ndugu zetu wa Tanzania, huuita mzunguko kipilefti, yaani "shika kushoto" kwa Kiingereza. Ukiwa Kigali, neno hilo lisahau kabisa!

Kuna shida nyingine isiyofikiriwa upesi. Gari letu lina usukani upande wa kulia. Katika nchi ya mkono wa kulia dereva huketi karibu na mtaro, wala haoni yaliyo mbele ya lori analolifuata. Akitaka kulipita, itambidi atoe karibu gari zima katikati ya barabara ndipo aone. Kutoka mpaka wa Rwanda hadi Kigali ni kama kilometa 80 za vilima na kona nyingi. Basi akae mbali nyuma ya lori, kwani akaaye mbali ndiye aonaye zaidi. Utingo anaweza kumsaidia kutazama, lakini shauri la kupita ni la dereva mwenyewe. Kama hakuna haja, asipite.

Taa nazo zataka matengenezo. Taa za magari yetu zikishushwa humulika zaidi upande wa kushoto, na huko ndiko watokeako wenzako, utawapofusha. Baadhi ya magari yana swichi ya kugeuza mwanga. Mengine hubandikwa karatasi maalumu juu ya kioo cha taa. Muulize fundi kabla ya safari. Abiria nao waonywe: mlango wa kushoto wa matatu sasa hufunguka katikati ya barabara, na atembeaye kwa miguu atazame kushoto kwanza kabla hajavuka.

Kuhusu bima, mwenye gari aombe kwa kampuni yake Kadi ya Njano ya COMESA, inayokubaliwa Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia. Kadi hiyo hulipia madhara ya watu wengine. Gari lako mwenyewe lataka bima ya namna nyingine.

Siku ya kurudi mambo hugeuka tena. Dereva aliyekaa huko majuma mawili amekwisha kuzoea kulia, na aingiapo Uganda huendesha kwa moyo mkunjufu kama aliyefika nyumbani. Kitambaa na kisifunguliwe siku ile, ila karatasi za taa zibanduliwe pale pale Katuna.