Maua ya Kando ya Barabara na Watoto Wetu

Barabara kuu iliyopandwa maua hupendeza, tena majani huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Lakini ni wazazi wachache wanaojiuliza kwa nini mimea fulani ndiyo huchaguliwa. Barabara ni ndefu na kuimwagilia ni gharama. Kwa hiyo hutafutwa mmea unaovumilia jua na kiu, na ambao mifugo kwa kawaida huukwepa kwa uchungu wake. Mmoja wao ni oleanda, kichaka chenye majani membamba, marefu na magumu, na maua ya waridi, mekundu au meupe. Huko California, Marekani, umepandwa kwa maili nyingi katikati ya barabara kuu, ambako pia huzuia mwanga wa taa za magari yanayokuja.

Uchungu huo ndio unaotuhusu sisi wauguzi. Mmea wote una sumu: majani, maua, shina hata utomvu. Aliyeula hutapika, huumwa tumbo na kuona kizunguzungu, kisha mapigo ya moyo huwa ya polepole au ya ovyo, na anaweza kufa. Ndugu yake, oleanda ya manjano, ana maua kama kengele na tunda la kijani lenye kokwa ngumu. Huyu ni hatari vilevile; nchini Sri Lanka hospitali zimepokea wagonjwa wengi sana waliokula kokwa zake. Hata kwetu hupandwa kuwa wigo, na watoto huziokota kokwa hizo kuchezea. Kuchemsha au kukausha hakuondoi sumu. Vijiti vyake visichomee mishikaki, wala matawi yake yasiwe kuni, maana hata moshi wake hudhuru.

Na maji ya kumwagilia je? California sehemu nyingi hutumia maji taka yaliyosafishwa, na mabomba yake huwa ya zambarau ili mtu asiyanywe. Kwetu boza huweza kuchota mtoni au bwawani, na mtoto anayetoka shule na kiu hachagui bomba. Mwambieni mapema.

Mtoto akila mmea huo, mtoeni mabaki mdomoni na asukutue. Msimtapishe, wala msipoteze muda kwa kumnywesha maziwa. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama bado anacheza, kwani moyo wake lazima uangaliwe kwa saa nyingi. Chukueni na tawi la mmea wenyewe, maana swali letu la kwanza mlangoni litakuwa: amekula nini?