Jaribio Lipi ni la Polepole? Usanidi wa Ripoti za Majaribio ya JavaScript kwa Programu za Kiswahili Mpakani Rusizi

1.0 Utangulizi

Tangu Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, ubora wa programu za kompyuta zinazotumia lugha hii umekuwa pia suala la sera. Wilayani Rusizi suala hili lina sura ya pekee, kwani ng'ambo ya mto Ruzizi uko mji wa Bukavu. Katika hifadhi ya CLDR, inayoipatia JavaScript kanuni za lugha, Kiswahili cha Kongo ("sw-CD") huandika 1.500,5 pale ambapo Kiswahili cha jumla ("sw") huandika 1,500.5. Hivyo, bei iliyoandikwa 1.500 ni elfu moja na mia tano kwa kanuni ya kwanza, na ni moja na nusu kwa kanuni ya pili.

Makosa ya aina hii huzuiwa kwa majaribio yanayoendeshwa kila msimbo unapobadilishwa. Majaribio yakichukua muda mrefu, watayarishaji huacha kuyaendesha. Ndiyo maana ripoti huyatia alama majaribio ya polepole. Makala haya yanadai kwamba alama hiyo ni matokeo ya kizingiti kilichowekwa na mtu, wala si sifa ya jaribio lenyewe.

2.0 Zana Tatu, Vizingiti Vitatu

Kizingiti cha chaguo-msingi katika Mocha ni milisekunde 75: muda unaokizidi huandikwa kwa rangi nyekundu, na unaozidi nusu yake huandikwa kwa manjano. Katika Vitest ni milisekunde 300. Katika Jest ni sekunde 5, nazo hupimwa kwa faili zima la majaribio. Kwa hiyo jaribio la milisekunde 200 litatiwa wekundu na Mocha, ilhali Vitest haitalitia alama.

Aidha, polepole si kufeli. Jaribio hufeli kwa sababu ya muda linapovuka kikomo kingine, ambacho kwa chaguo-msingi ni milisekunde 2,000 katika Mocha na 5,000 katika Jest.

3.0 Namna ya Kusanidi

Katika Mocha, thamani ya "slow" huwekwa kwenye faili la mipangilio, au kwa kundi moja la majaribio kwa amri this.slow(500). Amri hiyo haifanyi kazi ndani ya fanksheni zilizoandikwa kwa alama ya mshale. Jest na Vitest hutumia jina moja, "slowTestThreshold", lakini vipimo vinatofautiana: Jest huhesabu sekunde, Vitest milisekunde. Anayehamisha thamani 300 kutoka Vitest kwenda Jest ameweka kizingiti cha dakika tano, na alama za polepole huenda zisionekane tena.

Inafaa majaribio ya kulinganisha maandishi yawe na kizingiti cha chini, na yale yanayosoma hifadhidata yapewe cha juu zaidi. Kabla ya kupandisha kizingiti, chanzo kichunguzwe. Kwa mfano, kuunda Intl.NumberFormat upya kwa kila bei hugharimu muda. Kuiunda mara moja kwa kila lugha na kuitumia tena huupunguza. Hapo alama ya polepole imefichua kasoro ya programu, wala si ya jaribio.

4.0 Mapendekezo

Taasisi inayopokea programu ya Kiswahili idai ripoti itaje zana iliyotumika, kizingiti, kipimo chake na aina ya mashine. Isikatae kazi kwa sababu ya rangi nyekundu pekee, wala isiridhike na ripoti isiyo na alama kabla ya kujua kizingiti kilikuwa kipi. Zaidi ya yote, jaribio la "sw-CD" lisiondolewe kwa kuwa ni la polepole. Likiondolewa, hakuna kitakachozuia bei ya elfu moja na mia tano kusomwa moja na nusu upande wa pili wa daraja.