Joto na Baridi katika Chumba cha Juu ya Gereji

Chama cha msingi kinapopata gari lake hulazimika kulijengea gereji, na juu ya gereji huweza kupatikana chumba cha kufaa ofisi ya karani au mtunza hazina. Hayo ni matumizi mema ya kiwanja. Hata hivyo chumba hicho hakifanani na vyumba vingine. Juu yake kuna bati linalopigwa na jua mchana kutwa. Chini yake hamna ardhi bali banda lililo wazi. Na mara nyingi kuta zake zote nne zimekabili upepo. Kwa sababu hiyo mchana wa Februari katika mji kama Moshi huwa tanuri, na asubuhi ya Juni kule Njombe vidole hushindwa kushika kalamu.

Hapo ndipo hutolewa shauri la kununua kiyoyozi. Shauri hilo si baya, ila lisiwe la kwanza. Mtambo uliofungwa katika chumba kibovu hupoza au kupasha hewa inayotoroka, na ankara ya umeme hulipwa kwa jasho la wakulima.

Kwanza: chumba kitengenezwe. Dari iwekwe chini ya bati, na nafasi iliyo kati yake iachiwe matundu ya kupitisha hewa. Bati likipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Sakafu ikiwa ya mbao, nyufa zake zizibwe na upande wa gereji upigiliwe dari. Kila tundu la waya au bomba lizibwe pia.

Kuziba sakafu si kwa ajili ya baridi peke yake. Moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hupanda kupitia ufa mdogo. Kwa hiyo gari lisiachwe likinguruma ndani ya gereji. Vivyo hivyo, jiko la mkaa lisitumiwe kupashia ofisi joto, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Mkaa uliokolea moto na kuacha kutoa moshi hudhaniwa kuwa salama, kumbe nao hutoa sumu iyo hiyo. Mtu akishikwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali.

Pili: kifaa kichaguliwe kwa hesabu. Feni ya dari ya wati 60 ikizunguka saa 8 hula karibu nusu uniti ya umeme. Mahali pengi penye joto, dari njema na feni hutosha. Hita ya umeme ya wati 1,500 ikiwaka saa 8 mfululizo hula uniti 12. Kwa siku 22 za kazi ni uniti 264. Kiyoyozi chenye uwezo wa kupoza na kupasha hakizalishi joto, bali hulichota katika hewa ya nje na kuliingiza ndani. Hivyo huweza kutoa joto lilo hilo kwa takriban theluthi moja ya umeme, yaani uniti 88. Bei yake ni kubwa zaidi, basi kinafaa mahali ambapo kitatumika miezi mingi ya mwaka.

Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari kwa kawaida hutoshelezwa na kiyoyozi cha BTU 9,000. Kikubwa kupita kiasi huzimika mapema kabla ya kukausha unyevu. Mitambo mikuukuu inayotumia gesi ya R-22 iepukwe, kwa kuwa gesi hiyo inaondolewa katika matumizi chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Kiyoyozi kifungwe na fundi mwenye leseni, kwa waya na swichi yake pekee.

Tatu: gharama ziandikwe. Makisio yatakayopelekwa mbele ya mkutano mkuu yaonyeshe bei ya kununua, umeme wa kila mwezi na matengenezo ya kila mwaka. Kifaa kikinunuliwa, kiingizwe katika daftari la mali.

Chama kitakachoanza na dari na sakafu, ndipo kikafikia mtambo, kitakuwa na majibu wanachama watakapouliza fedha zao zimekwenda wapi; na karani wake atafanya kazi kwa raha na kurejea nyumbani salama.